Wadogo zangu, msiishie fremu ya kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja kanionyesha video ya uso wa Cayley, umbo la mlinganyo wa digrii ya 3, aliyoirenda usiku kucha kwa POV-Ray, programu inayochora picha za pande tatu kutokana na maandishi (kurenda ni kuiachia kompyuta ichore kila fremu). Katikati uso umetoboka kama chandarua kilichorukiwa na cheche. Nikampa pole, kisha nikaketi kuandika haya, maana kosa hilo nimelichoka na ninyi nawapenda.

1. Anzeni na pikseli 320 kwa 240, fremu 20 tu, bila kulainisha kingo. Safari nzima mtaiona kabla chai haijapoa.

2. max_gradient, namba ya kuiambia POV-Ray mteremko mkubwa kabisa, yaani thamani ya mlinganyo inabadilika kwa kasi gani ukisogea. Hapa nina deni.

Mlinganyo mnaujua: x² + y² + z² − 2kxyz = 1, na k ndiyo inayopanda fremu hadi fremu. k ikiwa 0 una tufe. k ikipanda, tufe linachongoka pande nne na vipande vinne vya nje vya uso huohuo vinalisogelea. k ikifika 1 vinagusana kwenye ncha 4, na hakuna uso wa digrii ya 3 unaoweza kuwa na ncha pweke zaidi ya hizo.

Niliuandaa kwa wanafunzi wa kidato cha sita. Nikajaribu fremu ya kwanza kwa max_gradient 7, likatoka tufe safi. Fremu 250, dakika mbili kila moja, zaidi ya saa nane. Nikalala. Kumbe ndani ya boksi la kuuwekea uso mpaka, la −2 hadi 2, mteremko mkubwa kabisa wa k = 0 ni kama 6.9, lakini k = 1 unafika 20.8. POV-Ray ikidanganywa kwamba ni 7, inapiga hatua ndefu mno, inauvuka uso bila kuuona, na palipovukwa panabaki tundu. Ilikuwa ikinionya fremu baada ya fremu kwamba uso unaweza kuwa na matundu. Sikusoma hata onyo moja.

Darasani matundu yakaanza kufunguka ubavuni. Nikanyamaza, nikitumaini hakuna aliyeona. Kesho yake binti mmoja akaniletea daftari. Ameuchora uso kwa penseli, vivuli vimekaa vizuri, kila tundu amelizungushia duara, pembeni kaandika "k = ngapi?" Chini yake ukurasa mzima wa aljebra, na mistari miwili ya mwisho imekatwa kwa hasira. Nilipomwambia ukweli hakusema neno. Alitoa ufutio akayafuta matundu, moja moja, mbele yangu. Usiku wake ulipotea kwa sababu nilinyamaza, na hilo linaniuma kuliko video yenyewe. Anayetazama huamini anachoonyeshwa.

3. Kwa hiyo rendeni ya kwanza, ya mwisho, na ile ya k = 1, kisha someni maonyo. Mkiishia k = 1.2, max_gradient 25 inatosha. Msiweke 1000 kwa woga, mtangoja mpaka Idi.

4. k isiende kwa mwendo mmoja. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kugusana kwa zile ncha kutapita kama kufumba jicho, na ndiko watu walikofuata! Vipande vya nje haviingii kwenye boksi mpaka k iwe karibu 0.69, basi huko nyuma piteni haraka, muda wenu muuweke karibu na 1. Na kwenye faili andikeni "open", la sivyo boksi litaziba uso kwa vifuniko bapa.

5. Umeme ukikatika mkiwa fremu ya 138, msiguse +KFI (namba ya fremu ya kwanza), mtaivuruga clock nzima, ile saa inayoendesha k. Tumieni +SF138, inayoanzia kurenda hapo bila kuigusa clock. Kamera ikizunguka duara kamili, wekeni +KC (video ya kujirudia), maana bila hiyo fremu ya mwisho inarudia ya kwanza na video inakwama kidogo kila ikijirudia.

6. Kwenye ffmpeg, programu ya kuunganisha fremu kuwa video: -pix_fmt yuv420p (namna ya kuhifadhi rangi), na vipimo vya picha viwe namba shufwa. Msipofanya hivyo, ama ffmpeg itakataa kuitengeneza, ama simu nyingi zitagoma kuicheza.

Nawe wa juzi, faili lako si baya. Badilisha ule mstari mmoja wa max_gradient, renda kwanza fremu ya k = 1, unitumie hata kama ni usiku wa manane.