Fundi Anajibu: Kebo au dishi kwa TV ya HD?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumepanga Mabatini hapa Mwanza. Tulipovunja kikoba mwezi wa kumi na mbili nikanunua TV ya inchi 43, kwenye boksi imeandikwa Full HD. Tangu hapo nyumbani hakuna amani. Kijana wa kebo amepita, anasema anaunganisha siku hiyo hiyo, waya unaingia kwenye TV bila king'amuzi, chaneli zaidi ya sitini "zote HD", elfu kumi na tano kwa mwezi. Shemeji yangu anasema kebo ni mambo ya zamani, tufunge dishi. Lakini jirani yetu mwenye dishi, mvua ikinyesha tu, anakimbilia kwa mwenye kebo kumalizia tamthilia. Juu ya hayo, mwenye nyumba hataki bati lake litobolewe. Mume wangu anataka mpira, watoto katuni, mimi tamthilia na taarifa ya habari. Tufunge kipi? (Mama Watatu, Mabatini)

JIBU: Marahaba, Mama Watatu. Kazi hizi zote mbili nimezifanya. Miaka sita nilivuta waya wa kebo kwenye nguzo za mji huu, halafu nikahamia kwenye madishi. Kwa hiyo nikikwambia jambo baya la upande wowote, ujue nilikuwepo.

Nianze na huyo kijana. Maneno yake "bila king'amuzi" na "zote HD" ni nadra kukaa nyumba moja. Kebo nyingi za mijini zilijengwa kwa analojia, ule mfumo wa zamani wa kabla ya dijitali. Serikali ilipozima mitambo ya analojia Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata, iliyozimwa ni ile ya kurusha hewani kwa antena. Waya wa kebo haukuguswa, na kuna mitaa ambako mpaka leo unabeba analojia ile ile. Waya wa namna hiyo hauwezi kubeba HD hata ukiuchomeka kwenye TV ya milioni tatu. Picha ya kawaida ya kidijitali ina nukta 720 kwa 576. Full HD ni 1920 kwa 1080. Zidisha mwenyewe kwenye simu: laki nne na kitu, dhidi ya zaidi ya milioni mbili. Ukiikamua ile ndogo ijaze kioo cha inchi 43, nyuso za watu zinakuwa kama zimepakwa mafuta ya nazi.

Ila nisimdhulumu. Ipo kebo ya kidijitali, na TV nyingi mpya zina kipokezi chake ndani, kwa hiyo yawezekana kweli king'amuzi hakihitajiki. Angalia nyuma ya TV yako au kwenye boksi kama kumeandikwa T2/C/S2. Hiyo C ndiyo kebo ya kidijitali, S2 ni dishi, T2 ni antena. Mwambie kijana alete waya wake, atafute chaneli mbele yako. Kama TV inazikuta kwenye analojia, mpe maji ya kunywa aende zake. Kama inazikuta kwenye DVB-C, yaani ile C ya kebo ya kidijitali, fungua chaneli anayoisifia na ubonyeze kitufe cha INFO kwenye rimoti. TV nyingi zitakuandikia pembeni 576i, 720p au 1080i. Ya kwanza si HD. Na usipime kwa chaneli aliyoichagua yeye tu; zungusha hadi kwenye katuni za watoto, maana pengine HD ni nne na zilizobaki zimekuja kujaza hesabu ya sitini. Ugonjwa huo hata vifurushi vya dishi vinao.

Kuna njia ya haraka zaidi, ya macho. Kebo ya analojia ikidhoofika inaonyesha chenga na vivuli, mtangazaji anakuwa na mdogo wake nyuma ya bega. Dijitali haina chenga. Inatoka safi, halafu inaganda vipande vipande, halafu inazima. Ukiona chenga kwa jirani mwenye kebo, umeshapata jibu bila kumuuliza mtu.

Sasa mvua. Jirani yako hasemi uongo. Dishi dogo la nyumbani linapokea mawimbi mafupi sana, urefu wake kama sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua yanayanyonya na kuyatawanya. Mvua ya manyunyu haina neno. Mvua yetu ya ziwani, ile ambayo huoni nyumba ya pili, inakata. Lakini jiulize kebo inatoa wapi picha. Inatoa kwenye dishi! Ukienda kwenye kituo chao utakuta madishi yamepangwa juu ya paa kama masufuria ya shughuli, mengine ya mita mbili na zaidi. Hayo makubwa hupokea mawimbi marefu zaidi, mvua inayasumbua kidogo, ndiyo sababu jirani anakuta tamthilia inaendelea. Kwa hiyo kebo ni dishi la mtu mwingine, na wewe unalipia kamba ndefu. Kamba ikiwa nzima unafaidi ukubwa wa dishi lake. Ikiwa mbovu, unaumwa magonjwa ya mtaa mzima.

Na mtaa una magonjwa. Kila waya unapogawanywa kwa splita ya midomo miwili, kila mdomo unapata nusu au pungufu. Nyumba ya mwisho kwenye mstari inakula makombo, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani tunaweka mashine ya kuongeza nguvu, na mashine hiyo inakula umeme. Hapo ndipo watu wengi hawajui: umeme ukikatika mtaa wa juu yako, hata kama kwako unawaka au una sola, kebo imekufa. Mwenye dishi anahitaji umeme wake tu. Mwaka mmoja pale Igogo nilipanda ngazi mara nne wiki moja kwa sababu ya mashine moja. Mara ya nne nikakuta kuna mtu amejiunganishia waya kwa kuuchuna kwa wembe na kuufunga na mfuko wa rambo. Maji yameingia, shaba imekuwa ya kijani. Watu kumi na wanane walikuwa wanaitukana kampuni, na aliyewaharibia yuko miongoni mwao, naye anatukana.

Radi nayo. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya Afrika, na waya wa shaba uliotandazwa mita mia tatu kwenye nguzo unazikusanya vizuri kuliko waya wa mita kumi kutoka kwenye dishi. Tukio moja lilichoma TV tano mstari mmoja. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi haikulipa hata moja, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kueleza. Basi chochote utakachochagua, wingu likitanda chomoa waya wa mawimbi pamoja na wa umeme. Wengi huchomoa umeme tu.

Mwenye nyumba asikuumize kichwa. Dishi halidai bati. Chukua bomba la chuma la inchi mbili, lisimamishe kwenye debe la rangi la lita 20, jaza zege, subiri siku tatu, panda dishi juu yake uani. Siku mkihama mnalibeba. Muhimu ni anga. Kwa hapa Mwanza dishi la Azam linatazama jua linakozama, setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki kwa longitudo, ile mistari ya wima ya ramani, nasi tuko karibu nyuzi 33. Linainuka kama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kwa hiyo mwembe au jiwe lililo karibu upande wa magharibi ni tatizo, na nyie wa Mabatini mawe mnayajua. La DStv linatafuta nyuzi 36, yaani karibu utosini kwetu, ndiyo maana madishi yao huku yanaonekana yamelala chali kama mtu anayehesabu nyota. Hilo hata uwe umezungukwa na maghorofa linaona mbingu, ila likilala hivyo majani na vumbi vinakaa humo. Lifute.

Ya mume wako ni rahisi: aseme mpira gani. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko Azam. Ligi ya Uingereza kwa miaka mingi imekuwa DStv. Kebo ikikuonyesha vyote viwili kwa elfu kumi na tano, uliza kwa upole wana ruhusa ya nani. Nimeshuhudia kebo inazimwa siku ya mechi yenyewe, sebule imejaa mashemeji na soda zimeshafunguliwa.

Jambo la mwisho ndilo ningelitanguliza kama ningejua utasoma hadi hapa. Miezi michache iliyopita niliitwa Kirumba kwa bibi mmoja. TV kubwa, king'amuzi cha HD, kifurushi kikubwa, kila kitu amenunuliwa na wanawe walio nje. Analalamika picha ni ile ile ya TV yake ya mgongo. Nikachungulia nyuma: fundi aliyefunga ameunganisha kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Nyaya hizo hazipitishi HD kabisa. Waya wa HDMI ulikuwa kwenye droo, ndani ya nailoni yake, haujafunguliwa. Nikachomeka, nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi nikaweka 1080i. Taarifa ya habari ilikuwa hewani. Bibi akasogea, akavaa miwani, akasema, "Kumbe huyu kijana ana chunusi!" Sikumdai zaidi ya nauli.

Kwa hiyo kwako, Mama Watatu, ningefunga dishi kwenye debe, king'amuzi kiwe cha HD, waya uwe wa HDMI, na fundi asiondoke kabla hujabonyeza INFO mwenyewe. Kama mna chumba cha pili chenye TV, nunua LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachodaka mawimbi, iwe ya midomo miwili na kila king'amuzi kipate waya wake kutoka juu. Usikubali splita ya kebo hapo, nusu ya chaneli zitapotea, kwa sababu king'amuzi kinaiamuru LNB kwa volti na ving'amuzi viwili kwenye waya mmoja vinagombania amri. Mvua kubwa itakukatia dakika kadhaa, vumilia. Kebo ningeichukua kwa sharti moja: kijana apite mtihani wa DVB-C mbele yako, na umlipe mwezi mmoja mmoja, usiingie kwenye "lipa sita upate saba".

SWALI: Fundi, dishi langu la Azam lilianza kukata mwezi wa tisa, mchana, jua linawaka, wingu hakuna. Saa nane na dakika arobaini hivi linapotea dakika chache, linarudi. Siku tatu mfululizo. Nimelipa fundi elfu ishirini akabadilisha LNB, likapona. Ilikuwa nini? (Mwalimu, Nyakato)

JIBU: Ilikuwa jua, mwalimu, na lingepona lenyewe. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 na kitu za Machi na Septemba, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti ukilitazama kutoka hapa. Jua nalo linatoa mawimbi, na dishi likilitazama uso kwa uso linasikia kelele zake tu. Kwa Azam inatukuta kati ya saa nane na nusu na saa tisa mchana. Madishi ya utosini yanapata yao saa sita na nusu hivi. Kebo wanapata vile vile, ila wao hawakupigii simu kukuambia. LNB yako ya zamani kamuombe yule fundi, huenda ameshaifunga kwa mtu mwingine. Ilikuwa nzima.

SWALI: Nina dishi, HD, HDMI, kila ulichowahi kuandika nimefanya. Lakini jirani yangu mwenye karedio kadogo ka betri anashangilia goli kabla mpira haujafika kwenye boksi kwangu. Nimeumia sana. (Mnyama, Igoma)

JIBU: Pole. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu yetu, kwenda na kurudi picha inatumia kama robo sekunde, hiyo usiilaumu. Zinazokula muda ni mashine: kule studio picha inabanwa ili iingie kwenye nafasi ndogo, kwako king'amuzi kinaifungua, na HD ina mzigo mkubwa wa kubana. Sekunde kadhaa zinaishia humo. Sauti ya redio haina mzigo huo. Kebo ya analojia inachukua picha iliyokwisha kufunguliwa, kwa hiyo mko karibu sawa, na kebo ya kidijitali inayobana upya inakuwa nyuma yako. Wa nyuma kabisa ni anayeangalia kwa intaneti kwenye simu, huyo anaweza kusikia mtaa mzima umeshangilia wakati kipa wake bado anapiga goli kiki.

Dawa ya kifundi sina. Mimi jirani yangu ni Yanga na ana redio kubwa kuliko ya huyo wako. Siku ya watani wa jadi nafunga madirisha na kuwasha feni.