Kupangisha nyumba ya makazi kwa siku: anza na hati, leseni baadaye

Mleta uzi ana nyumba ya vyumba vitatu Njiro, Arusha, anataka kupokea watalii kwa siku, na jirani ameshamwambia atamfikisha halmashauri. Wengi mmemjibu "kata leseni tu". Hapana. Leseni inakuja baadaye.

Kaka, toa hati ya kiwanja uisome. Kama matumizi yameandikwa makazi, kuigeuza nyumba nzima kuwa ya wageni wa siku ni kubadili matumizi, na kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 unaomba kwanza kibali cha mamlaka ya upangaji. Hapa ndipo watu wanapoumia: leseni ya biashara ipo, bango liko getini, halafu jirani anakwenda kwa afisa mipango miji na swali moja tu, kiwanja hiki kilibadilishwa lini? Leseni haijibu swali hilo. Angalia pia unaomba wapi. Njiro iko chini ya Jiji la Arusha, lakini Ilboru, hata kama ni mwendo mfupi kutoka mjini, iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha.

Kibali kikitoka, mengine ni makaratasi: TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na leseni ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inakuhusu mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Bei tangaza kwa shilingi. Kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza kwa dola. Na usimkabidhi rafiki asiye raia akutafutie wapangaji kwa kamisheni, maana udalali wa nyumba umo kwenye orodha ya biashara walizozuiwa wasio raia tangu Julai 2025.

Sasa jirani. Mara nyingi hakasirishwi na wageni, anakasirishwa na maji na geti. Wapanda mlima 8 wakishuka Kilimanjaro na matope yao, kuoga na kufua kwa lita 100 kila mmoja ni lita 800 kwa siku. Simtanki la lita 1,000 siku ya mgao wa maji halifiki kesho yake mchana. Shimo la maji taka lililochimbwa kwa familia ya watu 5 nalo litafurika, na harufu haijui ukuta. Weka tanki la lita 5,000, nyonya shimo kabla ya msimu wa Juni, na dereva wa safari asipige honi saa 11 alfajiri. Ashuke agonge geti.

Kuna aliyependekeza tuige Ulaya. Amsterdam na Paris zinaweka kikomo cha idadi ya usiku wa kupangisha kwa mwaka, Barcelona inataka leseni za nyumba za watalii ziishe zote ifikapo Novemba 2028. Kule wenyeji wamekosa pa kupanga. Kwetu naona kinachofaa zaidi ni utaratibu wa New York tangu Septemba 2023: kila mwenyeji anayepokea wageni chini ya siku 30 awe na namba ya usajili, na awe anaishi humo humo. Njiro au Shanty Town ya Moshi, mwenye nyumba akilala ndani, nusu ya malalamiko yanakwisha.

Kabla ya mgeni wa kwanza, nenda ofisi ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, waachie namba ya simu inayopokelewa usiku. Fungua kitabu cha wageni: jina, uraia, namba ya pasipoti, anatoka wapi, anaelekea wapi, tarehe ya kuingia na kutoka. Kiandikwe mgeni akiwa bado amesimama mlangoni, si kesho yake.