Pima mwanga wa mashine yako ya IPL kabla ya kuiamini skrini

Kama una kliniki au saluni yenye mashine ya IPL, yaani inayotibu ngozi kwa mapigo ya mwanga mkali, iwe ya kuondoa nywele au kupunguza madoa, nakuomba jambo moja: mwanga wake upimwe. Skrini ikiandika jouli 15 kwa sentimita ya mraba, mara nyingi namba hiyo imepigiwa hesabu kiwandani kutokana na umeme unaopelekwa kwenye taa. Nikiwa fundi wa vifaa tiba, nyingi ya mashine ninazoletewa hazina kihisio cha kupima mwanga unaofika kwenye dirisha la kishikio, pale unapotokea kwenda kwenye ngozi. Taa ikichoka, skrini haina habari.

Na taa huchoka kweli. Ni bomba la kioo lenye gesi ya zenoni, na kila pigo hula ncha zake kidogo na kulitia giza kwa ndani. Maji ya kupozea yakichafuka, nayo hupunguza mwanga. Mtoa huduma anaona nywele hazitoki kama zamani, anapandisha namba. Mwezi unaofuata anapandisha tena. Kisha taa mpya inafungwa, naye anaendelea na namba ile ile aliyoizoea, na hapo ndipo mteja anaungua. Nikifunga taa mpya siondoki bila kupima upya, hata mwenye mashine akiwa na haraka kiasi gani.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Kipimo cha rangi ya ngozi cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kuanzia aina ya I iliyo nyeupe kabisa hadi ya VI iliyo nyeusi kabisa, kilipoanza mwaka 1975 kilihusu ngozi nyeupe. Aina ya V na VI, ambazo ndizo za wengi wetu, ziliongezwa baadaye. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi na nywele, hunyonya mwanga, na hunyonya zaidi ule wa mawimbi mafupi. Ngozi yetu ina melanini nyingi juu kabisa, kwa hiyo joto lililokusudiwa kwenye shina la unywele linaweza kuishia kwenye ngozi ya juu. Kiasi ambacho ngozi nyeupe inakivumilia kwetu kinaacha malengelenge, kisha doa jeusi la miezi mingi.

Kifaa cha kupimia ninachokipendekeza ni mita ya nishati ya aina ya joto: sahani nyeusi inayopokea pigo, inapata joto, na mita inalitafsiri kuwa jouli. Usiazime mita ya leza yenye kihisio kidogo cha silikoni. Ile imerekebishwa kwa urefu mmoja wa wimbi, na IPL inatoa mchanganyiko wa mawimbi, kuanzia nanomita 500 na kitu hadi karibu 1200. Sahani iwe pana kuliko dirisha, maana mwanga huu hutawanyika mara tu unapotoka. Ukiiweka sahani mbali kidogo, sehemu ya mwanga inapita pembeni.

Hesabu yenyewe ni fupi. Dirisha la milimita 10 kwa 40 lina eneo la sentimita 4 za mraba. Skrini ikidai jouli 15 kwa kila sentimita, mita ingepaswa kusoma 60. Ikisoma 48, unapata 12 tu. Ila usikimbilie kuilaumu taa. Dirisha likiwa la yakuti, mwanga unapotoka kuingia hewani takriban asilimia 8 hurudi nyuma, na kwenye ngozi yenye jeli upotevu huo hupungua sana. Mteja anapokea zaidi kidogo ya kile mita inachokuonyesha. Kwa hiyo pima kwa namna ile ile kila mara, umbali ule ule, na linganisha na vipimo vya mashine hiyo hiyo ilipokuwa na taa mpya. Piga mapigo kumi mfululizo pia, uandike kila moja. Nikiona la kwanza lina nguvu na la sita limelegea, naanza kuangalia kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wa pigo, na chaji yake.

Jouli peke yake haitoshi. Nishati ile ile ikitolewa kwa milisekunde 5 ni kali zaidi kwa ngozi nyeusi kuliko ikitolewa kwa 40, kwa sababu ngozi haipati muda wa kupoa. Muda huo unapimwa kwa fotodiodi, kihisio cha mwanga, na osiloskopu inayochora pigo kwenye skrini. Kichujio nacho, kile kioo kinachozuia mawimbi mafupi, kikipasuka au kikiharibika, mawimbi hayo hupenya, na mita ya joto haiwezi kukuambia hilo, inahitajika spektromita, kifaa kinachopima kila wimbi la mwanga peke yake. Hizi ni kazi za fundi mwenye vifaa. Mwambie akupe matokeo kwa maandishi, na umuulize kama anaifahamu IEC 60601-2-57, ambayo ndiyo kanuni ya kimataifa ya usalama wa mashine za namna hii.

Wakati wa kupima, kila aliye chumbani avae miwani ya kinga. Kishikio na sanduku la umeme usivifungue mwenyewe, hata kama mashine imechomolewa ukutani: kapasita zake zinabaki na chaji ya kuua.

Andika matokeo kwenye daftari linalokaa na mashine: tarehe, kichujio, namba ya skrini, jouli za mita, na mapigo ambayo taa imeshapiga. Tofauti na kipimo cha taa mpya ikizidi asilimia 20, mimi huisimamisha mashine hadi chanzo kijulikane. Mteja aliyekuwa na miadi siku hiyo apigiwe simu, apangiwe siku nyingine.