Kwa nini watunzi wa Renesansi walimfuata Mrumi na siyo Mgiriki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha fasihi kidato cha tano, juzi tulikuwa tunapitia tafsiri ya Nyerere ya Juliasi Kaizari, mwanafunzi mmoja akaniuliza kama tamthilia ilianzia Ugiriki mbona inasemekana akina Shakespeare na watunzi wa Renesansi, kile kipindi Ulaya ilipofufua elimu na sanaa za kale, waliiga Warumi? Na walichukua nini hasa, stori tu au na ufundi? Nilishindwa kumjibu vizuri, naomba msaada.

JIBU: Marahaba mwalimu. Mwanafunzi wako kauliza swali zuri sana na mwambie kabisa hajakosea, tamthilia ilianzia kwa Wagiriki kweli, ila watu wa Italia na Uingereza wa miaka ya 1400 na 1500 wengi walikuwa hawasomi Kigiriki, walikuwa wanasoma Kilatini. Hicho ndo kilikuwa lugha ya kanisa, ya wanasheria, ya chuo, mtoto akianza shule anaanza nacho. Na kitabu alichopewa ili ajue Kilatini cha kuongea mara nyingi kilikuwa tamthilia za Terentius, mtunzi wa komedia wa Kirumi, kwa sababu mle watu wanaongea kama watu, wanasalimiana, wanagombana, wanaombana hela. Huyu Terentius jina lake la tatu ni Afer, yaani Mwafrika, na inasimuliwa alizaliwa Karthago, yaani Tunisia ya leo, akapelekwa Roma akiwa mtumwa. Nikilitaja hili darasani wanafunzi wangu huwa wanakaa wima.

Angalia pia vitabu vilivyochapwa. Plautus, mtunzi mwingine wa komedia wa Kirumi, alichapwa Venice mwaka 1472, ila watunzi wa tanzia wa Kigiriki walichelewa, Sophocles akasubiri mpaka 1502, Aeschylus mpaka 1518, na hata vilipotoka wasomaji wa Kigiriki walikuwa wachache. Ben Jonson, mtunzi aliyemjua Shakespeare vizuri, aliandika mwaka 1623 kwamba mwenzake alikuwa na Kilatini kidogo na Kigiriki kidogo zaidi. Halafu tusisahau kwamba Plautus na Terentius wenyewe walichukua visa vyao kwa Wagiriki, hasa mtunzi wa komedia Menander, wakavigeuza vikawa vya Kilatini, kwa hiyo Ugiriki ulifika Ulaya magharibi ila uliingilia mlango wa Roma.

Sasa walichukua nini. Mimi jibu langu ni ufundi kuliko stori, na nitakaa kwenye mfano mmoja kwa sababu huo ndo unaofundishika.

Mpaka 1429 watu walikuwa wanazijua tamthilia nane tu za Plautus, mwaka huo ukafika Roma mswada wenye nyingine 12 zilizokuwa zimepotea, na moja wapo ni Menaechmi. Kisa chake ni mapacha wawili waliotenganishwa utotoni, mmoja anamtafuta mwenzie anafika mji anaoishi yule bila kujua, basi kila anayekutana naye anamchukulia ndo yule wa hapo, mpenzi wa kaka yake anamkaribisha kula, mke wa kaka yake anamgombeza, na kaka mtu huku anadaiwa vitu asivyovijua. Mwaka 1486 ikaigizwa kwa Kiitaliano kwenye makao ya mtawala wa Ferrara, mji wa Italia, na pale pale Ferrara mwaka 1508 mshairi Ariosto akaja na komedia yake mpya aliyoitunga kwa Kiitaliano kwa kufuata mkondo huo huo. Tarehe 28 Desemba 1594 tunakikuta kisa cha Menaechmi London, mbele ya wanasheria wa Gray's Inn, sasa kikiitwa The Comedy of Errors na mtunzi ni Shakespeare.

Hapa ndo uwaonyeshe wanafunzi. Shakespeare hakuchukua tu akaweka. Kwenye Menaechmi Plautus ana jozi moja ya mapacha, yeye akaongeza jozi ya pili, watumishi wao nao ni mapacha, na wazo hilo pamoja na kile kisa cha mume kufungiwa nje ya nyumba yake huku mtu mwenye sura yake yuko ndani anakula na mkewe alilitoa kwenye tamthilia nyingine ya Plautus, Amphitruo. Piga hesabu, kwenye Menaechmi anayefananishwa na pacha wake ni bwana tu, kwa Shakespeare bwana anaweza kumfananisha mtumishi, mtumishi akamfananisha bwana, mke akawafananisha wote wawili, makosa yanazaana. Halafu akahamisha mji, Plautus aliweka Epidamnus yeye akaweka Efeso, Efeso ile ile ya waraka wa Paulo, ambayo watazamaji wake waliijua kutoka Matendo ya Mitume kama mji wa waganga na uchawi, kwa hiyo mgeni akiitwa kwa jina lake na watu asiowafahamu anaamini karogwa, na watazamaji wanamwelewa kabisa. Ila mtambo wenyewe ni wa Kirumi: siku moja, mahali pamoja, milango ya nyumba inayotazama barabara, mtu akiingia huku mwenzie anatokea kule, na mtazamaji anajua siri ambayo wahusika hawaijui.

Kugawa tamthilia sehemu tano nako ni Roma. Horatius, mshairi wa Kirumi, aliandika kwamba mchezo usipungue wala usizidi sehemu tano, na walimu wa shule wakamsoma Terentius kwa mpangilio huo, ndo maana hata hiyo Juliasi Kaizari mnayoisoma ina sehemu tano.

Upande wa tanzia mtu wao alikuwa Seneca, yule mwalimu wa Nero. Kutoka kwake walipata kisasi, mzimu unaofungua mchezo, dikteta asiyesikia la mtu, hotuba ndefu za uchungu. Gorboduc, tanzia ya Kiingereza iliyoigizwa London mbele ya Malkia Elizabeth Januari 1562 imefuata staili yake, na mwaka 1581 zikatoka tafsiri za Kiingereza za tanzia zote kumi zilizokuwa zinabeba jina lake. Kuna tofauti moja naipenda sana. Kwenye Thyestes ya Seneca mtu anawaua watoto wa kaka yake anawapika anampa baba yao ale, lakini mauaji yenyewe tunahadithiwa na mjumbe. Shakespeare kwenye Titus Andronicus akachukua karamu hiyo hiyo lakini damu akaileta jukwaani watu waione. Hiyo haikutoka Roma, jukwaa la Uingereza lilikuwa na mazoea yake ya zamani ya michezo ya dini ambayo mateso yalionyeshwa wazi. Kwenye Hamlet anawataja wote wawili kwa majina, Polonius, mshauri wa mfalme, akiwasifu waigizaji anasema kwao Seneca hawi mzito mno wala Plautus mwepesi mno.

Majengo nitapita haraka. Wataliano walimsoma Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, kitabu chake cha tano kinaeleza jumba la maonyesho linavyojengwa, na msanifu majengo Palladio akalianza jumba la maonyesho la Teatro Olimpico mjini Vicenza, Italia, mwaka 1580, akafa mwaka huo huo, msanifu mwenzake Scamozzi akalimalizia, likafunguliwa 1585. Mchezo wa kwanza ulikuwa Oedipus wa Sophocles, kwa hiyo mwambie kijana wako kwamba Mgiriki wake alipanda jukwaani, ila nyumba ilikuwa ya Mrumi na maneno yalikuwa ya Kiitaliano.

Kwa darasani ningekushauri usianze na tarehe. Weka mlango mmoja, hata wa darasa wenyewe unatosha, chagua mwanafunzi awe mume aliyerudi na wageni akakuta kafungiwa, mwingine awe ndani anajibu kwamba bwana mwenye nyumba yuko mezani anakula, wacha wabishane dakika tano kwa maneno yao. Wakishamaliza ndo uwaambie kisa hicho kiliwachekesha watu Roma zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, kisha uwape onyesho la kwanza la sehemu ya tatu ya The Comedy of Errors walisome.