Kamera ikiyumba, hata nyumba zinatembea

SWALI: Nimefunga kamera kwenye bomba la chuma juu ya paa, inatazama barabara iendayo Rond-point Tshukudu. Programu yangu ya Python inatumia OpenCV (maktaba ya kuchakata picha) na mbinu ya Farnebäck, inayopima kila sehemu ya picha imesogea kiasi gani kati ya fremu mbili. Kazi yake ni kuzungushia mstari kila chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) na pikipiki inayopita. Upepo ukivuma, inazungushia mpaka nyumba. Na chukudu ikisimama, inapotea. Nifanyeje? (Msomaji, Goma)

JIBU: Anza na bomba lenyewe. Livute kwa waya pande tatu, maana hesabu haifui dafu mbele ya kamera inayocheza.

Mtikisiko utakaobaki unaondolewa kwenye programu. Farnebäck hukupa namba mbili kwa kila pikseli: imesogea kiasi gani kwa mlalo, na kiasi gani kwa wima. Kamera ikiyumba, barabara, kuta na mabati vyote hupata karibu mwendo mmoja. Tafuta mediani (namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa) ya namba za mlalo na mediani ya zile za wima, kisha zitoe kwa kila pikseli. Wastani haufai hapa: lori moja likipita karibu huuvuta upande wake, lakini mediani haibabaiki mpaka lori lizibe nusu ya picha. Bomba likijisokota, picha huzunguka, na mediani nayo haitoshi. Hapo chagua pointi 200 hivi kwa goodFeaturesToTrack, zifuate kwa calcOpticalFlowPyrLK, zipeleke kwa estimateAffinePartial2D ikadirie picha imesogea na kuzunguka kiasi gani, halafu inyooshe fremu iliyotangulia kwa warpAffine kabla ya kuita Farnebäck.

Sasa weka kizingiti, yaani mwendo ulio chini yake upuuzwe. Kwa picha ya 640 kwa 360, jaribu kwanza pikseli 1.5 kwa fremu. Chukudu ya mkaa inayosukumwa mlimani kule mbali huenda isifikishe hata pikseli moja. Usishushe kizingiti, utaokota chembechembe za kamera tu, zile zinazometameta kwenye picha bila kitu kusogea. Linganisha fremu ya sasa na ile ya tatu nyuma yake, mwendo utaonekana mara tatu. Dirisha (winsize), yaani upana wa eneo ambalo Farnebäck huliangalia kwa pamoja, liache kwenye pikseli 15. Ukilikuza sana, chukudu na mtu anayepita kando yake wataungana kuwa donge moja.

Wingu likifunika jua utaona mwendo wa uongo, kwa sababu mbinu hii huamini kwamba mng'ao wa kila pointi haubadiliki. Kubali tu kinachoenda upande mmoja kwa fremu 5 mfululizo.

Chukudu iliyosimama haina mwendo, kwa hiyo programu haijakosea. Ongeza MOG2, inayotenga kitu na mandhari yake. Historia yake ya kawaida ni fremu 500, yaani sekunde 20 kwa kamera ya fremu 25. Kitu kikikaa muda mrefu humezwa na mandhari, basi iongeze.

SWALI: Kompyuta yangu ni ya zamani, Farnebäck inakwama. (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Punguza picha iwe 320 kwa 180, na kizingiti kigawe kwa mbili, la sivyo utakosa vyombo vingi. Ikikwama bado, tumia DIS, mbinu nyingine ya OpenCV ya kupima mwendo iliyo nyepesi zaidi, kwa mpangilio wa ULTRAFAST. Kama ziwa linaonekana kwenye picha, lifunike kwa maski: mawimbi ya Kivu hayapumziki.