Rangi inavyong'ang'ania protini: majibu ya maswali yenu

Mayai ya kuchemsha hayashiki rangi ya chakula mpaka nitie siki. Siki inafanya nini?

Ganda la yai kwa sehemu kubwa ni chokaa, ila juu yake kuna utando mwembamba wa protini. Rangi nyingi za chakula za viwandani zina chaji hasi. Siki huiongezea protini ile chaji chanya, na hapo rangi inanasa. Sufu na hariri, ambazo nazo ni protini, hutiwa rangi kwa njia hiyo hiyo. Pamba si protini, kwa hiyo rangi hizo haishiki.

Kwa nini maziwa yanaondoa ukakasi wa chai?

Ukakasi si ladha, ni mguso. Tanini za chai hunasa protini za mate zenye asidi amino iitwayo prolini kwa wingi, zikagandamana, na ulimi ukakosa utelezi. Kaseini, protini kuu ya maziwa, nayo ina prolini tele, tena mnyororo wake haukujikunja sana, hivyo tanini zinapata pa kushika kila upande. Mpaka chai ifike kinywani, nyingi zimeshanaswa kikombeni. Vifungo vyenyewe ni dhaifu kimoja kimoja. Nguvu yake ni wingi.

Biskuti zangu za mbegu za alizeti zimetoka kijani ndani. Nizitupe?

Usizitupe, kula tu. Alizeti ina asidi ya klorojeniki. Ikikutana na magadi na hewa hugeuka kwinoni, nayo kwinoni hujifunga kwenye laisini, asidi amino nyingine ya protini, na kutoa kijani hicho, ambacho mara nyingi huzidi kukolea kadiri biskuti zinavyokaa. Hiki si kifungo cha chaji kama cha yai wala cha kushikizana kama cha chai: molekuli zimeunganika kabisa, na laisini iliyofungwa hivyo mwili hauifaidi. Kwa biskuti chache si neno. Kwa watengenezaji wa unga wa protini ya alizeti ni kero kweli. Safari nyingine punguza magadi au ongeza maji ya limau kidogo.

Juisi ya kabichi ya zambarau nayo iligeuka kijani nilipoichanganya na ute wa yai. Ni jambo hilo hilo?

Hapana. Ute wa yai lililokaa kidogo una pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 9, yaani ni alkali, na antosianini, yaani rangi asilia za kabichi hiyo, hubadilika kufuata pH. Dondoshea siki uone ikirudi kuwa waridi.

Manjano kwenye maji yanatuama chini, kwenye maziwa yanaenea vizuri. Na doa lake je?

Kurkumini, yaani rangi yenyewe ya manjano, haipatani na maji. Kwenye maziwa hujificha ndani ya vifundo vya kaseini na katika mafuta. Doa likiwa jekundu ukilipaka sabuni ya mche, usishtuke, ni alkali ya sabuni. Suuza, kisha anika nguo juani. Kurkumini haistahimili mwanga.