Kulala Kenting: majibu ya maswali yenu

Tangu niitaje Kenting Youth Activity Center, ile hosteli ya ufukweni kusini kabisa mwa Taiwan iliyojengwa mithili ya kijiji cha Kichina, maswali hayaishi. Leo nayajibu matano.

Je, ni majengo ya kale kweli?

Hata kidogo. Yalikamilika mwaka 1983, mchoro wa msanifu Han Pao-teh. Alizichukua nyumba za Minnan, yaani za kusini mwa Fujian walikotoka mababu wa Wataiwan wengi, akazipanga kijiji kizima: matofali mekundu, vichochoro, vyumba vinavyozunguka ua. Anayetafuta ukuta wa miaka mia mbili amekwenda siko. Ila nyumba nyingi za kale za aina hii utaishia kuzitazama tu. Hizi unalala ndani.

Zile ncha za paa zilizopinda juu ni urembo tu?

Swali hili nililingojea! Ncha iliyogawanyika mara mbili huitwa mkia wa mbayuwayu. Zamani ilikuwa ya mahekalu na ya familia zilizotoa mtu mwenye cheo serikalini. Wengine walijenga "mgongo wa farasi": ukuta wa ubavuni huishia juu kwa umbo la duara, la mawimbi, lililochongoka, bapa au lililoinuka wima. Kila umbo ni ishara ya moja ya elementi tano za falsafa ya Kichina: duara ni metali, mawimbi ni maji, ncha kali ni moto, bapa ni udongo, wima ni mti. Ukiwa na watoto, washindanishe kuyatambua. Mchana utakwisha bila mtu kuuliza simu iko wapi.

Mke wangu anataka kuogelea. Bahari iko karibu?

Karibu sana, lakini pwani ya pale ni ya miamba, chini ya jiwe kubwa liitwalo Mwamba wa Chura. Ni ya kutembea na viatu imara. Mchanga mtaufuata kwingine hapo hapo Kenting.

Twende mwezi gani?

Julai hadi Septemba ni msimu wa tufani. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huvuma luoshanfeng, upepo mkali unaoporomoka kutoka milimani. Wengi huukimbia. Mimi ningechagua Novemba makusudi, maana ukiketi uani huku upepo unapiga kelele juu ya paa, ndipo unapoelewa kwa nini nyumba hizi zimeipa dunia mgongo.

Tunafikaje, na kuna miiko?

Reli haifiki Kenting. Pandeni treni ya mwendokasi kutoka Taipei hadi Zuoying, mjini Kaohsiung, kisha basi. Tengeni saa mbili na zaidi kwa basi peke yake. Mwiko mmoja: kizingiti hakikanyagwi, huvukwa. Kwa hiyo sanduku la magurudumu liacheni nyumbani, chukueni mikoba ya mgongoni.